Nyota Tano za Shemeji

Saa ya somo la jioni, sura ya Mwalimu huganda kwenye kioo cha simu mdomo ukiwa wazi. Wanafunzi wake, kila mmoja akiwa kwao, wameshaizoea. Mmoja aliwahi kuipiga picha akawasambazia wenzake, na Mwalimu alipoiona alicheka pamoja nao, maana la kufanya hakuwa nalo. Katika picha ile mkono wake ulikuwa umeinuliwa ubaoni, chaki ikielekea kwenye pembe ya tatu ambayo hakuna aliyewahi kuiona ikichorwa.

Alikuwa akifundisha hesabu katika shule ya kulipia, mpaka mwenye shule alipoifunga na kugeuza madarasa kuwa maghala. Mwalimu hakurudi nyumbani kulia. Alipigilia ubao kwenye ukuta wa sebule aliyoachiwa na marehemu mumewe, akasimamisha simu juu ya rundo la vitabu, akaanza kufundisha watoto wa watu kwa mtandao. Mama mkwe wake alihamishia redio yake jikoni ili asiwasumbue. Wazazi wakaambiana, darasa likajaa.

Siku hizo mtaa ulikuwa na kampuni mbili za intaneti, nazo zilibembeleza wateja kama wachumba wawili wanaogombea binti mmoja. Ukikasirikia hii, ile inakupigia simu kukupa pole. Kisha moja ikainunua nyingine. Mafundi wakapanda nguzoni, wakashusha nyaya za ile iliyonunuliwa, wakazikunja kama kamba za kuanikia nguo, wakaondoka nazo. Uchumba ukaishia hapo. Ikabaki ndoa, tena ya kulazimishwa.

Haukupita muda, Kampuni iliyobaki ikafungua darasa lake yenyewe la mtandaoni, lenye walimu waliopakwa poda na ubao unaong'aa. Tangu hapo, kila jioni darasa la Mwalimu likawa linakwama, na la Kampuni linateleza kama sabuni kwenye kiganja chenye maji.

Aliyekuwa akitumwa kuja kutazama tatizo ni shemeji yake, mdogo wa marehemu, fundi wa Kampuni. Hakuwa na safari ndefu: yeye na mkewe na watoto waliishi vyumba vya uani, nyumba hiyo hiyo. Lakini akija kikazi hupitia mlango wa mbele, amevaa fulana ya kazi, na hubisha hodi kama mgeni.

"Hodi hapa! Mgonjwa yuko wapi?"

"Mgonjwa ni mimi, shemeji. Huyo waya wako mzima, ila jioni anajifanya mahututi."

Shemeji alichomeka kifaa chake kwenye kisanduku cha ukutani, akamwonyesha kioo cha kifaa hicho. "Mbona inapita vizuri? Tazama, kijani kitupu."

"Unapima mchana, tena kwenye ukurasa wa kwenu."

"Ulitaka nipimie wa jirani?"

"Njoo jioni. Fungua darasa langu, halafu fungua la kwenu. Waya mmoja, sebule moja. Langu linazunguka kama pia, la kwenu linakwenda kama limepakwa mafuta. Hilo nalo ni ugonjwa gani?"

"Shemeji, hii ni biashara. Soko huria. Asiyeridhika anahama." Hayo alifundishwa kwenye semina, na aliyatamka kama mtoto anayesoma shairi mbele ya wageni.

"Nihamie wapi? Nguzoni kuna waya mmoja, na aliyeushusha wa pili ni wewe."

"Nilitumwa! Usinikaange bwana, mafuta yenyewe yamepanda bei." Wakacheka wote wawili. Kisha akatoa simu ya kazi, akamnyooshea Mwalimu kwa mikono miwili. "Haya, nibonyezee."

Ndivyo ilivyokuwa desturi ya Kampuni. Fundi akimaliza, mteja huulizwa kwenye simu ya fundi, fundi mwenyewe akiwa amesimama pale pale: umeridhika kwa nyota ngapi? Fundi ambaye nyota zake zinapungua hukaa nyumbani bila kupangiwa kazi. Mtaa mzima ulilijua hilo, na mtaa mzima ulimjua Shemeji tangu akifukuza kuku wa watu kwa manati. Kinyozi wa pembeni aliwahi kuitukana Kampuni mpaka kizazi chake cha tatu, kisha akabonyeza nyota tano na kuuliza mtoto mdogo ameota meno mangapi. Mwalimu naye alibonyeza tano. Alibonyeza kila mara. Mdogo wa mumewe angelala njaa kwa sababu ya kidole chake?

Darasa likawa linapungua. Baba wa mwanafunzi wake hodari kuliko wote alikuja mwenyewe hadi mlangoni, akakataa kuketi. "Si wewe, Mwalimu. Wewe hatuna la kukulaumu. Ni picha." Alipoondoka, Mwalimu alibaki ameshika kitasa, asijue kama alikuwa amekifungua au anakifunga.

Ndipo likatoka tangazo kwamba serikali inafikiria kutunga kanuni: kampuni ya intaneti isiruhusiwe kubana huduma ya mtu mwingine ili kuipendelea yake. Wananchi wakaitwa kutoa maoni. Mwalimu akaandika jina lake kwanza kabisa.

"Serikali?" Shemeji aliguna, wote wakiwa mezani. "Hii iliyochimba mtaro hapo mbele ikausahau, ndiyo itasimamia intaneti? Leo itasema kampuni isibane, kesho itabana yenyewe."

"Inawezekana," Mwalimu alisema. "Simwiti mama yangu. Nataka refa. Hata refa mbovu anaweza kuzomewa. Mpira usio na refa anaushinda mwenye buti kubwa."

"Na huyo mwenye buti ndiye anayetulisha," mama mkwe akaingilia, bila kuinua macho kutoka kwenye sahani. "Mwanangu, huko nenda kaseme habari za waya. Watu waache."

Mwalimu akaahidi. Alikuwa na nia ya kuitimiza ahadi hiyo.

Ukumbi ulikuwa na viti vya plastiki na feni moja iliyozunguka kwa kulalamika. Kampuni ilileta mafundi wake, wakapangwa mstari mzima na fulana zao, Shemeji akiwa kiti cha pembeni. Mwalimu alipoitwa, alieleza vizuri, kama anavyoeleza ubaoni: waya mmoja, sebule moja, saa ile ile, na madarasa mawili. Mwenyekiti wa kikao alikuwa akimwitikia kwa kichwa. Kwa dakika chache Mwalimu aliona jambo limeshika njia.

Ndipo akasimama bwana wa Kampuni, mpole, mwenye sauti ya mtu anayekuuzia dawa ya usingizi. Akawasha picha ukutani. Ilikuwa ramani ya mji, na mtaa wa Mwalimu uling'aa kuliko yote.

"Mwenyekiti, sisi tunamheshimu mama huyu. Lakini mtaa wake ndio unaoongoza mji mzima kwa kuridhika. Na yeye mwenyewe ametupa nyota tano, kila alipohudumiwa. Soko limeshasema. Serikali inataka kuongeza nini?"

Watu walicheka. Mwenyekiti akamgeukia. "Mama, nyota hizo ulizitoa wewe?"

Mwalimu alimtazama Shemeji. Hakutaka wokovu mkubwa. Alitaka tu ainuke aseme neno moja, kwamba nyota ni za fundi, na kwamba jioni mambo huwa vile anavyosema Mwalimu. Shemeji alikuwa anatazama kamba za viatu vyake.

Angeweza kujibu kwamba hakumbuki. Lakini darasa lilikuwa limebaki watoto wachache, na baada ya hapa hapakuwa na pengine pa kusema.

"Nilizitoa mimi," alisema. "Nilimpa fundi, sikuipa kampuni. Anasimama mbele yako, simu mkononi, na ukimnyima anakosa kazi. Mtaa wetu wote unafanya hivyo. Ni mtoto wetu."

"Kwa hiyo mlikuwa mnadanganya," bwana wa Kampuni akasema, kwa upole ule ule.

Basi. Yaliyofuata yote yalihusu uongo wa nyota. Kuhusu waya hakuna aliyeuliza tena. Gazeti moja liliandika habari za mama aliyekiri. Baadaye ikatangazwa kwamba kanuni haina haraka, na kwamba kampuni zitajisimamia zenyewe kwa hiari. Fisi akakabidhiwa bucha na kuombwa awe mwaminifu. Kampuni ilijisimamia mara moja: iliwaachisha kazi mafundi waliozoea kuomba nyota, na Shemeji alikuwa wa kwanza.

Mama mkwe hakumtolea Mwalimu neno baya. Alirudisha redio yake sebuleni tu, akaifungua kwa sauti.

Shemeji alikuja baada ya siku kadhaa, safari hii kwa mlango wa uani. Hakubisha hodi. Alimkuta Mwalimu anapunguza sauti ya redio ili aanze somo.

"Ungenyamaza tu, shemeji."

"Na wewe ungesema tu."

Shemeji alikaa kwenye mkono wa kochi, mahali alipozoea kukaa kaka yake. "Tulikuwa tunajua sote," alisema. "Kila jioni wanabana. Wala si siri, hata ofisini wanataniana."

Mwalimu aliweka chaki chini. "Sasa huna kazi ya kupoteza. Nenda kawaambie."

"Nani atamsikiliza fundi aliyefukuzwa? Watasema nina kinyongo."

"Na mimi walinisikiliza?"

Shemeji akainuka akatoka kwenda uani, ambako mkewe alikuwa akimwita kwa sauti ya kuudhika. Simu ilikuwa imeshaanza kuzungusha kiduara chake. Mwalimu akazima kamera ili angalau sauti ipate njia, akaanza kuwaeleza pembe tatu kwa maneno matupu watoto waliobaki.