Mgongo Nilioukataza Kubeba

Miye ni kine hapa Uvira, yaani kazi yangu ni kutibu migongo ya watu. Juzi asubuhi nilienda Luberizi kufundisha akina mama wanaobeba mpunga: ukishusha mzigo, kunja magoti, mgongo ubaki wima. Nilivaa suruali nyeupe ili nionekane msomi.

Wakati wa kurudi, mvua ilikuwa imejaza mto, na wanaume walikuwa wanavusha watu mgongoni. Nilichagua mgongo mpana kuliko yote, nikaupanda bila hata kumtazama mwenyewe usoni.

Katikati ya maji akaniuliza, "Dokta, ulinikataza kubeba hata ndoo. Weye uko na kilo ngapi?"

Kumbe ni Papa Elia, mgonjwa wangu wa wiki iliyopita.

"Nishushe, Papa," nikamwomba.

"Ngoja tufike."

Ng'ambo, wale akina mama wa asubuhi walikuwa wameshavuka, wanatuangalia. Maji yalipobaki ya magotini, mmoja akaita, "Papa Elia, kunja magoti. Mugongo wima, vile dokta alitufundisha."

Mara hii Papa Elia alinitii kabisa. Akakunja magoti polepole, mgongo wima, na suruali yangu nyeupe ikazama pamoja na mwenyewe.