Neema ameamka ngoma iliponyamaza

Leo mwanangu nusura anifukuzishe kikundini, jamani.

Mnajua napigia ngoma kile kikundi cha michezo ya ajabuajabu, wachezaji wanatembea taratibu juu ya mawe ya ziwani kama watu walio ndotoni. Leo jioni tumeonyesha mbele ya watu, ufukweni huku Butimba. Neema nimembeba mgongoni, kalala fofofo.

Kiongozi wetu, dada Tausi, alishanionya: "Mama Neema, mtoto akilia katikati natafuta mpigaji mwingine."

Sikuwa na wasiwasi. Huyu amezoea ngoma tangu yuko tumboni, nikipiga ndiyo analala!

Nilichosahau ni ule ukimya. Kuna mahali ngoma inanyamaza, wachezaji wanasimama kama korongo, yanasikika maji tu.

Nikanyamaza.

Neema akaamka. Kilio hicho!

Nikaona kazi inaniponyoka. Mkono wenyewe ukaanza kuipapasa ngoma, polepole, kama ninavyompapasa yeye kitandani. Akashusha sauti, akanyamaza. Kutazama, wachezaji nao wanayumba taratibu kama matete. Hakuna aliyewaambia.

Bibi mmoja kwenye watazamaji akasema, "Hee, wamebembelezwa wote!"

Tulipomaliza nikamfuata dada Tausi, machozi yako karibu. "Dada, nisamehe."

"Nikusamehe nini? Ule ukimya nimeufuta. Jumamosi papasa hivyohivyo. Na Neema umlete."

Bado naona kama naota.

Wamama wenzangu, wa kwenu wanalala kwa kelele gani?