Lori la Mkuyuni Ambalo Halikuwepo

Mpaka leo nikipita Mkuyuni nashusha kofia hadi kwenye nyusi, na akinamama wa pale wananitambua hivyo hivyo kwa mwendo tu, basi acheni niwasimulie mwenyewe kabla hamjasikia kwao.

Nilikuwa nimewatengenezea wakulima wa karoti wa milimani programu ya simu ya kuwajulisha lori la mzigo linakuja lini. Kuiandaa nilitumia skripti, yaani mlolongo wa amri: inaiunda programu, inaijaribu, kisha inasimama na kuuliza, "Nisambaze kwa wanachama wote?" Ukiandika "hapana" inaishia hapo, ukiandika kingine chochote inaendelea. Zuhura, mwenzangu tangu chuo, aliitazama akaguna.

"Na mtu akijibu vingine?"

"Vingine vipi? Swali la ndiyo au hapana lina majibu mawili." (Mimi huyu, ninayehoji kila kitu mpaka chumvi ya mboga, hilo sikulihoji.)

Jumanne nikapanda kwa Mama Koleta, mwenyekiti wao, nikampa kompyuta ajibu yeye, maana programu ni yao. Akasoma, akafikiri, akaandika kwa kidole kimoja, akanirudishia, na mimi nikiwa na gimbi la moto mdomoni hata sikuangalia kioo, nikaifunika. Alikuwa ameandika "bado", na skripti ikasambaza kwa wote. Na ndani ya programu lilikuwemo tangazo langu la kujaribia: lori litafika Mkuyuni kesho saa moja asubuhi.

Kesho yake Zuhura akanipigia. "Njoo Mkuyuni. Usihoji, njoo."

Nikakuta matenga ya karoti yamepangwa kando ya barabara, zimeng'olewa alfajiri, zimeoshwa, jua linapanda, lori hakuna. Zikinyauka pale, kazi ya miezi imekwenda.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Si nilikuambia bado?"

"Mama, ungeandika hapana!"

"Nikwambie hapana, mgeni wangu, na gimbi langu liko mdomoni mwako?"

Mwingine akadakia, "Huyu akiposa akaambiwa 'bado', kesho yake anakuja na ngoma!"

Walicheka mpaka wakashika matenga. Nilitamani kukimbia, lakini nikasimama barabarani nikapungia mkono kila gari la mizigo, matatu yakanipita, la nne likawa Fuso la ndizi kutoka Matombo, nusu tupu, dereva akakubali kwa sharti nipakie mwenyewe, nikapakia tenga moja moja huku nikipigiwa vigelegele, nikaingia sokoni mjini nimekaa juu ya karoti kama bwana harusi. Zikauzika zote.

Sasa skripti inasonga kwa "ndiyo" peke yake. Jibu lingine lolote, hata kimya, linaisimamisha. Na nimeapa: sitatunga tena swali kabla sijajua watu wenyewe hulijibuje.

Wiki iliyofuata nikawapelekea programu, imebaki kujaribiwa kwenye simu moja tu. Mama Koleta akaniuliza mbele ya kikundi kizima, "Enhe, imepona?"

Nikafungua mdomo nimjibu hapana, wazi wazi, kama msomi.

"Bado, mama," nikasema.

Akanisogezea sahani ya magimbi.