Nukta ya Nane

Fundi cherehani wa pale Bwera hakuliamini shairi mpaka alipime kwa chaki. Waliomletea mashairi ya kusomwa makaburini aliwakalisha kwenye kigoda, akawaambia wasome polepole, na kwa kila mizani alidonoa nukta moja juu ya kitambaa cheusi: nane, nafasi, nane tena. Mshororo uliopungua aliutia kiraka papo hapo, "nawe", "basi", "kweli", bila kumuuliza mwenyewe. "Linapwaya hili," alizoea kusema, pini zikiwa bado mdomoni.

Kavira, muuza vitenge wa kutoka Butembo, alikuwa amzike mama yake kesho yake. Beti mbili zilipita salama. Ubeti wa tatu ulianza: "Mama umetutoka." Chaki ikasimama.

"Saba," fundi akasema. "Tia 'nawe'. Mama nawe umetoka."

"Hapana, baba. Pale usitie neno. Pale njo nalianga, kilio kinanishika palepale."

Fundi alizitoa pini mdomoni, moja moja, akazichomeka kwenye mkono wa shati. "Rudia."

Kavira alirudia, na sauti ikamkatikia mara alipotamka "umetutoka". Fundi alikuwa amekwisha kudonoa nukta saba. Mkono wenye chaki ulibaki juu ya kitambaa bila kukigusa, hadi Kavira alipovuta pumzi. Ndipo ukasogea upande wa pili wa mshororo, ukiacha nafasi ya nukta moja tupu.

"Nane," akasema. "Endelea."