Mikono ya Dominika

Mikono ya Dominika ilijulikana Mpui nzima. Shangazi yake alimfundisha kushika vichwa: mkono mmoja chini ya kisogo, mwingine kwenye kifandugu, pale uti wa mgongo unapoishia, bila kukanda wala kukandamiza, mpaka mwili utulie wenyewe. Vichanga waliolia kutwa walinyamaza mikononi mwake. Nani angembishia?

Mwaka ule wa kuhamia kijiji cha ujamaa, mumewe Marselino alianguka katikati ya shamba la kijiji, jembe mkononi. Kiharusi. Upande wa kulia ukapooza, maneno yakamkwama mdomoni.

Oswaldi, mganga wa zahanati, hakuficha. "Kumshika kichwa si vibaya, mama, kunampumzisha. Lakini kila siku asimamishwe, mkono unyooshwe, atembezwe. Atalia. Mwache alie. Miezi hii ya mwanzo ikipita, basi tena."

Dominika alijaribu siku tatu. Ya nne Marselino akalia kwa sauti, mwanamume mzima aliyezoea kubeba gunia la ulezi peke yake. Roho ikamuuma mkewe. Akamlaza, akamshika kichwa. Mume akafumba macho, pumzi ikashuka, akalala. Jamani, nani asingefurahi? Ikawa hivyo kila siku. Oswaldi akipita kuuliza habari za mazoezi, Dominika anajibu, "Tunafanya." Uongo mtupu! Mimi simlaumu, lakini kumsifu pia siwezi.

Upande wa pili wa kijiji, Tadei naye alipatwa na kiharusi mwezi uleule. Mkewe Bertilla alikuwa mkali, weee! Alimfunga kanga kiunoni akamkokota kuzunguka nyumba, mume anatukana, yeye anajibu, "Tukana, lakini tembea!" Kisimani wanawake walimcheka, na Dominika alicheka kuliko wote. "Yule anamtesa mumewe," akasema, Bertilla mwenyewe anasikia.

"Mchelea mwana kulia, hulia yeye," Bertilla akajibu, akajitwisha ndoo yake akaenda zake.

Ulezi ulipovunwa, Tadei alikuja kuwasalimu. Alikuja kwa miguu yake, anachechemea na fimbo. Dominika akamletea togwa, naye akapokea kikombe kwa mkono uleule uliopooza, ukitetemeka, akanywa. Marselino, chali mkekani, alikitazama kile kikombe hadi kikaisha. Mgeni akaaga, akaondoka.

Dominika akaurukia mkono wa mumewe ili aunyooshe. Kiwiko kilikuwa kimekaza, vidole vimejikunja kiganjani. Akavuta, haukwenda popote. Marselino akaguna tu, hata kulia hakulia.

"Nisamehe, baba Leonsi. Nilikuonea huruma," akasema, machozi yanamtoka. Akapeleka mikono kichwani kwa mumewe, pale alipozoea.

Marselino akaiondoa kwa mkono wake mzima, mmoja baada ya mwingine, akaiweka mapajani mwa mkewe.

"Ungeniacha nilie," akasema, neno moja moja.