Mbuzi wa Mguu Wangu

Nikiwa bado mtoto wa kubebwa mgongoni nikichoka njiani, chungu cha maharagwe kilipasuka motoni, nyumbani kwetu kwenye shamba la kahawa karibu na Ruiru, na supu yake yote ikanimwagikia mguuni. Nililia, bila shaka. Lakini ninachokumbuka zaidi ni kwamba watu wazima hawakutazama mguu kwanza. Walitazama vigae.

Kwetu chungu kikivunjika kikiwa motoni, hiyo haikuwa ajali tu. Ilikuwa thahu, uchafu usiotoka kwa maji, unaoingia nyumbani na kumkalia mtu mpaka atakaswe. Na namna ya kumtakasa ilijulikana: mwenye nyumba atoe mbuzi, achinje, na aliyepatwa avishwe mkononi ukanda wa ngozi ya mbuzi huyo. Mwenye nyumba ni baba. Hapo ndipo tulipokwama. Ilikuwa miaka ya Hali ya Hatari, serikali ya kikoloni ikiwasaka Mau Mau, na baba yangu alikuwa amechukuliwa na askari katikati ya mistari ya kahawa, akiwa kazini. Hatukujua yuko kambi gani. Hatukujua hata kama bado yuko.

Cucu, mama yake baba, ambaye mimi nimepewa jina lake, aliokota vile vigae kimoja kimoja akavifunika kwa majani ya mgomba. Mama akasema nipelekwe zahanati. Hawakugombana. Kila mmoja alikuwa na dawa yake, ila ya Cucu ilikuwa kifungoni.

Lori la shamba lililopeleka kahawa Thika ndilo lililotubeba, baada ya mama kuomba kibali na kusimangwa kwanza. Dresa wa zahanati, yule mfunga vidonda, alikuwa mtu mpole mwenye mikono baridi. Aliosha kidonda, akaweka pamba, kisha akabandika plasta pana ya rangi ya udongo, ile ya zamani iliyonuka mpira.

"Mama, hii hapana toa," alimwambia mama kwa Kiswahili cha siku zile. "Mpaka mimi mwenyewe ione."

Mama hakuitoa. Angethubutuje? Kabla ya jua kuzama siku iliyofuata, mguu ulianza kuwasha. Sijui niuelezeje mwasho ule. Kidonda chenyewe kiliuma kama kidonda, hilo nililizoea. Lakini pale ambapo sikuungua, chini ya kingo za plasta, palikuwa kama siafu wamefungiwa wakitafuta njia ya kutoka. Nilijisugua kwenye mguu wa kitanda. Nilijisugua ukutani. Mama alinifunga viganja kwa vitambaa vya kanga kuukuu, halafu akakaa kando yangu akipuliza juu ya plasta, pumzi yake ikiishia juu juu isinifikie.

"Maitu, itoe," nilimsihi.

"Daktari amekataa."

"Basi mwambie baba aje achinje."

Aliinama akaendelea kupuliza. Nilimkasirikia sana mama yangu kwa kupuliza kule, na leo nikifikiria uso wake nataka kurudi nikamkumbatie.

Tuliporudi zahanati, dresa alivuta plasta ikang'oka na ngozi. Chini yake palikuwa pekundu, pana malengelenge madogo yanayotoa maji, yaliyoenea kupita pale supu iliponiunguza. Alitikisa kichwa. "Hii kidonda inatembea," akasema, na kwa sababu kidonda kinatembea, akabandika plasta kubwa zaidi. Safari iliyofuata kilikuwa kimetembea tena, akaongeza tena. Hakuwa mtu mbaya. Alitoa alichokuwa nacho, naye alitaka kidonda kipone kama sisi tulivyotaka.

Cucu aliposikia kwamba kinatembea, alikaa chini kabisa, pale pale mlangoni. "Ngai! Si niliwaambia? Thahu haifunikwi." Alinipaka mafuta ya mbarika kwenye ngozi nzima iliyobaki, taratibu, akikwepa plasta kama mtu anayekwepa nyoka. Kisha alitoka nje akasimama akitazama barabara. Ni mwanawe aliyekuwa akimtafuta, si dawa yangu. Lakini mimi nilidhani ni kwa ajili yangu, nikaanza kutazama barabara pamoja naye. Nyumba nzima ilikuwa na wanawake watatu, mkubwa na wa kati na mdogo, na hakuna hata mmoja aliyeweza kufanya lolote.

Halafu siku moja dresa alifungua kabati lake akalifunga. "Plasta imeisha, mama. Mpaka ile ingine ikuje." Akanifunga kwa kitambaa tu cheupe, fundo juu ya goti.

Mwasho ulipungua kabla hatujateremka kwenye lori. Siku chache baadaye malengelenge yalikauka, ngozi ikaanza kubanduka maganda mepesi, na chini yake kukawa na ngozi mpya. Cucu alinishika mguu akaugeuza huku na huku kwenye mwanga wa mlango.

"Amechinja," alisema.

"Nani, Cucu?"

"Mwanangu. Huko aliko, ameota juu yetu, akatafuta mbuzi akachinja. Kairitu, msichana wangu, baba yako yuko hai."

Aliimba siku ile. Sikuwa nimemsikia akiimba tangu baba achukuliwe. Mama alikuwa akichambua maharagwe, akainamisha kichwa zaidi juu ya ungo, na mimi nikaona ni furaha.

Wanaume walirudi baadaye, mmoja mmoja, wamekonda, wengine hawataki kusema neno. Baba hakuwemo. Hakuna aliyeleta habari zake, nzuri wala mbaya. Cucu alimngoja bila wasiwasi hadi alipokufa, kwa sababu alikuwa na ushahidi, nao ulikuwa mguuni mwangu: alama iliyopauka, yenye kona nne. Mimi pia nilimngoja. Niliolewa nikingoja.

Nikiwa mama wa watoto watatu, nilipasuliwa tumbo hospitalini Thika. Nesi alipobandua plasta, akaguna. "Ngozi yako haipatani na hii gundi, mama. Ona ilivyochora. Hujawahi kuona hivi hapo awali?"

Nilitazama. Wekundu, malengelenge, kona nne. Nikaanza kulia kwa sauti, mtu mzima mimi, na nesi akaniambia pole, anamaliza sasa hivi. Alifikiri ameniumiza. Mimi nilikuwa nafiwa na baba.

Mama alikuja kuniona alasiri ile, amezeeka, na uji kwenye chupa. Niliinua shuka nikamwonyesha. Alitazama, akanifunika.

"Nilijua," alisema. "Nilijua siku ile plasta ilipoisha. Lakini ningemnyang'anyaje Cucu mbuzi wake?"

Siku hizi wajukuu hunigusa mguuni wakiuliza hizi kona nne ni za nini. Nawaambia ni plasta, mwili wangu unaikataa, na wao waangalie yao. Kisha nawasimulia na habari ya mbuzi, yote, mpaka Cucu anapoimba. Ya baba yangu sina habari nyingine.