Maji ya Misi Doroti

Nilipokuwa mtoto wa miaka minane, tukiwa na miezi mitatu tu London, kuna siku ambayo mpaka leo naweza kuwataja wote waliokuwamo chumbani kwetu: bibi yangu Fatmabai, mama yangu Zarina, mdogo wangu Karimu aliyekuwa na siku kumi na saba tangu azaliwe, Misi Doroti wa kanisani, na mimi. Baba alikuwa kiwandani. Chumba chenyewe kilikuwa ghorofani Walthamstow, juu ya duka la viatu, na watu watano walikijaza hata mlango ukawa haufunguki vizuri.

Tulitoka Mombasa na masanduku mawili. Misi Doroti tulimjua wiki ya kwanza, kwa sababu kanisa lake lilikuwa likiwagawia makoti Wahindi waliokuwa wakifika kutoka Afrika Mashariki. Alikuwa amefanya kazi ya uuguzi miaka mingi upande wa Muheza, na alipomwambia Bibi "Shikamoo" katikati ya foleni ya makoti, Bibi aligeuka nyuma kutafuta ni nani aliyesema. Tangu hapo akawa anakuja kwetu. Bibi alijiandaa kwa mahubiri, hata jibu alikuwa nalo tayari, lakini mahubiri hayakuja. Zilikuja soksi, likaja blanketi, na mara moja sufuria.

Kiswahili chake kilikuwa cha wodini. Hakuna aliyemfundisha kwamba kwetu mtoto mchanga hasifiwi bila kusema mashallah, asije akapatwa na jicho. Jumanne moja alimchungulia Karimu, uso ukamchangamka, akasema, "Huyu mtoto amenona." Yeye aliona anatupa heshima. Bibi alikunja midomo.

Jioni hiyo Karimu akaanza kulia. Kila akishika ziwa analiachia. Kulipokucha alikuwa amekauka sauti, na mama naye alikuwa analia.

"Ulimsikia jana?" Bibi alisema. "Amenona. Kama kondoo wa Idi."

"Mama, yule ndiye aliyetuletea blanketi."

"Blanketi nimeliona. Na jicho nimeliona."

Mama alitaka mtoto apelekwe hospitali. Bibi hakutaka kusikia: hajatimiza arubaini, na nje kuna theluji. Kwanza apimwe. Akachukua pilipili saba kavu na chumvi ya mawe, akazizungusha juu ya kichwa cha Karimu mara saba, akazitia kwenye kikaango juu ya moto. Kipimo ni hiki: pilipili zikiungua na watu wakakohoa, mtoto ana ugonjwa wa kawaida. Wasipokohoa, ni jicho.

Mimi niliogopa mwenye nyumba, maana alishatuonya mara mbili juu ya harufu za kwetu. Jiko lilikuwa chini ya dirisha. Bibi alipogeuka kumfunika Karimu, nililipandisha dirisha nyuma ya pazia. Moshi wote ukatoka nje. Ndani hakukohoa mtu. Chini barabarani nilimsikia mtu anakohoa, nikamwona anashika ukuta, lakini Bibi hasikii vizuri.

"Ni yeye," Bibi alisema. "Nasimu, nenda kamwite. Mwambie aje anawe mikono na miguu, tupate maji yake."

Ndiyo dawa. Mwenye jicho hunawa, na maji yale humwagiwa mtoto. Nilikimbia mpaka ukumbi wa kanisa, nikijua aliyemtia hatiani ni mimi na lile dirisha. Nilimkuta anapanga makoti kwa ukubwa. Nikamweleza yote: jicho, maji, na dirisha.

Alisikiliza, kisha akauliza, "Mtoto amenyonya leo?"

"Hapana."

"Basi twende. Mambo ya dirisha tutayasema siku nyingine."

Alipanda ngazi zetu akihema, akapiga hodi, akavua viatu na soksi ndefu bila kusubiri kuambiwa. Bibi, aliyekuwa amejitayarisha kubishana, alibaki na birika mkononi. Akammiminia. Misi Doroti akanawa mikono, uso, viwiko, kisha miguu, ndani ya beseni letu jekundu la plastiki.

"Nimeosha miguu ya watu wengi," alisema. "Mimi kumiminiwa maji, sikumbuki."

"Nyoosha huo mwingine," Bibi alisema. "Na useme mashallah."

"Mashallah. Na Yesu amlinde."

Bibi alifikiri kidogo. "Huyo kwetu ni nabii. Haidhuru."

Misi Doroti akachovya kiwiko kwenye maji, akaomba yaongezwe ya moto kidogo. Halafu, ili mtoto amwagiwe, ilibidi afunguliwe, na Bibi alikuwa amemfunga nguo sita. Chumba kilikuwa na jiko la mafuta ya taa lililowaka usiku na mchana. "Mnaniruhusu nimshike?" Misi Doroti akauliza. Kwa kuwa jicho lilishaoshwa, Bibi alimruhusu, akammwagia mtoto yale maji mikononi mwake. Misi Doroti akamfuta Karimu, akamgeuza kwenye mwanga, akamtazama puani. Pua ilikuwa imeziba kwa masizi na ukavu, hawezi kunyonya na kupumua kwa pamoja. Akamtia matone ya maji ya chumvi, akasokota pamba, akasafisha polepole. Karimu akapiga chafya mbili. Mama akampa ziwa, na kwa muda mrefu hatukusikia kitu ila kumeza kwake.

"Mmeyaona maji?" Bibi alisema.

"Nimeyaona," Misi Doroti alijibu, akivaa soksi zake. Kisha akasema kesho angependa kumpeleka mtoto kliniki. Bibi akauliza kama kliniki kuna joto.

Sasa mimi mwenyewe nina binti wa miezi mitano, na akisifiwa ndani ya basi nasema mashallah kimoyomoyo. Kama naamini kweli, sijui. Niliacha shule nilipotimiza miaka kumi na sita, na mambo ya dini mbili kuyapima si kazi yangu. Ninalolijua ni kwamba mwanamke mzima, mwenye elimu yake, alikubali kuitwa mwenye jicho na mtu ambaye yeye mwenyewe alimvisha koti, kwa sababu angekataa tu, mlango ungefungwa na mtoto akabaki na njaa. Hakututaka tufikiri kama yeye kwanza. Alivua soksi.

Karimu alipotimiza arubaini tulimnyoa nywele. Bibi alishika wembe, na aliyempakata mtoto alikuwa Misi Doroti.